Babu yangu, wageni wa posa, na msamaha niliokosa kumpa

Wakuu, nawasalimu wote humu. Wa Eastlando kokote mlipo, niaje.

Hii stori nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Kila kitu ni kweli, ila jina la mama yangu nimebadilisha kwa sababu yuko hai na sitaki kumtembeza mitandaoni.

Basi.

Nililelewa na babu na nyanya kwenye ploti fulani ya kupanga mtaa wa Mowlem, miaka ya tisini. Babu nilimwita Baba, maana kila mtu pale nyumbani alimwita Baba. Mama yangu nilimwita Nafula, kwa jina, kama wengine. Alinizaa akiwa bado shule, aliyempa mimba akahepa, nikabaki mikononi mwa mzee.

Mzee alifanya kazi kiwanda cha masufuria kule Industrial Area, kwenda na kurudi kwa miguu. Jioni akishaoga anaketi mlangoni kushona viatu vya majirani. Hakujua kukaa bure, na ukikaa bure mbele yake unatafutiwa kazi.

Jumapili sasa. Kanisa letu lilikuwa lile la kanzu nyeupe, ngoma na bendera. Tunazunguka mtaa tukiimba, vijana wanaokaa base kutwa wanatucheka, mimi natamani ardhi inimeze. Baba haoni mtu. Anashika bendera anaenda mbele kama mtu anayeenda kuchukua mshahara.

Na kwake uongo haukuingia. Jirani akiomba sukari na imebaki kidogo, husemi imeisha. Unasema imebaki kidogo.

Sasa, sisi watu wa magharibi ya nchi na kupenda kuku mnatujua. Chekeni tu. Lakini kuku wetu ana sheria. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na akija mgeni wa heshima, ni yake. Ukimwandalia kuku asiye na firigisi umemwambia si mtu kwako. Mtoto wa kike hata haiangalii.

Baba alinipa mimi, msichana.

Kila kuku akichinjwa, anaitoa kwa sahani yake ananiwekea. Nyanya aligomba mpaka akachoka. Mzee alimjibu kwamba watoto wengine wana baba wa kuwapa, huyu atapewa na nani? Nikakua nikijua ile kitu ni yangu.

Nikiwa bado mdogo, sijaanza hata darasa la kwanza, Nafula akapata mchumba. Kijana mpole, kazi ya ofisi town. Nafula hakuwa amemwambia kwamba ana mtoto. Watu wa kijana wakatuma neno kwamba wanakuja kujitambulisha.

Nafula alilia kwa nyanya, nyanya akampelekea Baba hayo maneno. Ikaamuliwa kwamba siku hiyo nitakuwa mtoto wa Mama Kevo, jirani wa mlango wa pili. Mzee hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alivaa miwani akafungua Biblia. Wakachukulia amekubali.

Wageni wakafika, wazee wamevaa makoti. Mimi nimefungiwa kwa Mama Kevo, lakini harufu ya kuku wetu ikaja hadi huko. Mama Kevo alipogeuka tu, nilitoka nikaingia jikoni kwetu, nikafunua sufuria, nikatoa firigisi yangu. Nikaila nimechuchumaa nyuma ya mlango. Nilikuwa najua nimechukua haki yangu, wakuu.

Nafula akawanawisha wageni mikono, chakula kikapelekwa. Mjomba wa bwana harusi, ndiye alikuwa msemaji wao, akageuza vipande na kijiko. Akageuza tena. Halafu akauliza kwa upole kama kuku wa mjini huzaliwa bila firigisi.

Nyanya alikimbia jikoni akanikuta nalamba vidole. Aliponishika sikio nikapiga kelele, na nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kimegawanywa na pazia.

"Ni yangu! Baba hunipa!"

Mjomba akauliza huyo ni mtoto wa nani. Nyanya akajibu ni wa jirani. Mjomba akamgeukia Nafula, na Nafula, jagi bado mkononi, akasema ni wa Mama Kevo.

Baba akavuta pazia, akanishika mkono na mafuta yangu yote, akanisimamisha mbele ya wageni.

"Huyu ni mjukuu wangu. Mama yake ni huyu aliyewanawisha."

Wageni hawakufoka. Walimaliza soda, wakaomba sala, wakasema watatuma neno. Halikuja. Nafula akaenda Eldoret, baadaye akaolewa huko. Watoto wake wananiita anti hadi leo.

Mnaelewa nilivyokua? Nilijua mimi ndiye aibu iliyofukuza wageni. Nafula akija kututembelea nilikuwa naosha vyombo hata visafi, ili nisikae mbele yake. Kitu kimoja tu kilinishikilia, kwamba kuna mtu mmoja hapa duniani hakuwahi kunionea aibu.

Nikiwa darasa la nane, mzee ameshaacha kazi, kifua kinamsumbua, jioni moja alinikuta nafua yunifomu nje. Akaketi juu ya ndoo. Akaniambia hivi:

"Wageni walipokuja nilikubali uitwe wa jirani. Nilikuonea aibu. Nisamehe, mwanangu."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Mzee wa bendera ananiomba mimi msamaha! Na pia niliumia, nisiwadanganye. Kumbe hata yeye.

Nikamwambia, "Ah, Baba, wacha hizo," nikainuka kuanika nguo.

Aliinuka kwenye ndoo, akaingia ndani.

Mvua zilipokaribia alienda nyumbani kijijini kupanda mahindi, na huko ndiko alikofia.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, ukoo unaketi na mzee mmoja anauliza nani ana neno na marehemu. Ndipo watu husema yaliyobaki kati yao naye. Mmoja alidai jembe, mwingine akasema waliwahi kugombana kuhusu mpaka na amemsamehe.

Mimi nilikuwa na neno langu. Nilikuwa nimemsamehe kitambo, tangu ile jioni ya kufua. Lakini Nafula alikuwa ameketi karibu nami pamoja na mume wake na watoto, na nikisema, lazima niseme mimi ni nani kwake. Nikaangalia chini.

Yule mzee wa ukoo akauliza tena, akangoja. Halafu akafunga maneno, na kwetu yakishafungwa hayafunguliwi.

Nilichojifunza ni hiki tu: mkubwa akikuomba msamaha, usimwonee haya. Mjibu hapo hapo, hata kwa neno moja.

Kama kuna mtu humu mzazi wake aliwahi kumwomba msamaha, nataka kujua ulimjibu nini. Matusi pia nitasoma.