Nilivyoigubika Simu kwa Kanga Siku ya Posa

Enyi vijana mtakaosoma haya, chekeni sasa hivi mmalize, maana sitaki mtu aje kunichekea jikoni nikiwa na mwiko mkononi. Mimi ninayewakanya nyote mchunge ndimi zenu, niliaibika mbele ya wakwe mchana kweupe, hapa hapa Nechells, huku ughaibuni, na sina wa kumlaumu ila kichwa changu kigumu.

Ilikuwa posa ya mjukuu wangu Salma. Kijana mwenyewe anakaa Ladywood, mji huu huu wetu, mtu wa swala na kazi yake, lakini wazee wake wako Tanga, basi ikakubaliwa posa iletwe kwa simu ya video, wao kule wamejipanga mkekani, mimi huku kwenye kochi, na Salma chumbani juu, kwa sababu msichana haonekani posa yake ikijibiwa. Mwanangu Omari, babake Salma, akasema, "Mama, nipe simu nikubonyezee." Nikamwambia, "Nimekulea mpaka ukaota ndevu bila kuonyeshwa pa kubonyeza. Kaa." (Hapo ndipo nilipoharibu.) Salma naye alishanielekeza asubuhi, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Bibi, ukitaka wao hawasikii, bonyeza hii mic, ikuwe na line nyekundu." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nachagua mchele.

Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana. Akazungumza kwa adabu, akamaliza, "Basi Bi Mkubwa, tunasubiri jibu." Sasa kwetu posa haijibiwi papo kwa papo kama mtu anayerudishiwa chenji, mnaomba ruhusa, mnaingia nyuma ya pazia, mnashauriana, hata kama mlishakubaliana tangu juzi. Nikasema, "Turuhusuni kidogo," na kwa kuwa magoti yangu hayapendi kuinuka nikaona pazia nalo ni nguo tu, nikavua kanga ya mabegani nikaigubika ile simu gubigubi, hawatuoni, nami nikajua tuko faragha.

"Omari," nikasema, tena kwa sauti maana sikio lake moja ni zito, "huyu kijana nampenda mno, hata leo wamchukue Salma na begi lake. Lakini tusikubali mbio, watadhani ni bidhaa iliyolala dukani. Waache watoke jasho kidogo."

"Mama, taratibu."

"Taratibu ya nini? Na yule mjomba, jamani, kile kipara! Kinang'aa kama sufuria ya harusi, nimeshindwa hata kumsikiliza, najitazama mwenyewe mle. Na chai yao naijua, niliinywa zamani, ni kidogo hata unaliona ua la ndani ya kikombe kabla hujapiga funda."

Mara vishindo kwenye ngazi, mlango ukafunguka, Salma huyo (kumbe alikuwa amejiunga kimya kimya kwa simu yake huko juu, anasikiliza posa yake mwenyewe, watoto wa siku hizi!), uso mzima kapaka manjano, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, anapiga kelele, "Bibi, they can hear you! They can hear everything!" Yaani wanatusikia, kila neno. Akainyakua kanga, simu ikabaki wazi inamtazama yeye, na ukoo mzima wa Tanga ukamwona mchumba wao wa rangi ya biriani. Akatoa yowe, akajitupa nyuma ya kochi.

Nikabaki mimi na wakwe. Yule mjomba alikuwa ameshavaa kofia.

Nilitamani zulia linimeze. Nikawaza, basi, nimemvunjia mtoto nyumba kabla haijajengwa, kwa mdomo wangu huu huu, na nyuma ya kochi nasikia kwikwi. Nikasema, "Wakwe zangu, nimekosa. Nilaumuni mimi, msimwache mtoto. Na wewe mjomba, nisamehe kwa kichwa chako." (Hata msamaha nikauharibu.)

Bibi yake yule kijana, aliyekuwa amekaa nyuma mkekani, akaisogelea simu mpaka tukaona pua tu. "Shoga," akasema, "nimeposea wajukuu wengi, na kila mara najiuliza, hawa wakiingia nyuma ya pazia wanatusema nini? Leo nimesikia. Mmemsifu mtoto wetu mahali ambapo hamkuwa na haja ya kutudanganya. Jibu tumelipata. Na chai njoo unywe tena, nitakujazia mwenyewe mpaka imwagike kisahanini."

"Nami kofia siivui mpaka ndoa ipite," mjomba akadakia, na wote wakaangua kicheko. Nyuma ya kochi ukachomoza mkono wa manjano, dole gumba juu.

Jueni basi, kuifumba simu macho si kuiziba masikio. Tulipoagana nikamwambia Omari aizime, aizime tena, aitie kwenye droo. Kisha nikawaita wote sebuleni nikatoa amri: "Kuanzia leo, katika nyumba hii, anayetaka kumsema mtu atoke nje, simu aiache ndani, mvua inyeshe isinyeshe. Nami mninunulie mwamvuli."