Mzee Aliyeegemea Nguzo

Utasema mzee huyu amechoka akili. Sema tu. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, hapa hapa Singida mjini, enzi za Mwingereza.

Unaijua ile nyumba ya ghorofa ambayo siku hizi serikali imekataza isivunjwe? Aliyeijenga alikuwa mfanyabiashara. Mlango wa nakshi aliuleta kutoka pwani, kuta akajenga za mawe, nene kuliko urefu wa mkono, ila paa akaliezeka kama letu la tembe: boriti, fito, udongo juu. Udongo ni mzigo, usifanye mchezo. Na mzigo wote ule ulibebwa na nguzo moja ya mninga, iliyoanzia ukumbini ikapanda hadi juu.

Aliyeinunua baadaye alitaka ukumbi uwe duka, nguzo itoke. Tukaitwa mimi na shemeji yangu Yohana, mafundi kutoka Kinampanda. Dada alikuwa na mimba ya kwanza. Akaniambia, "Mume wangu unirudishie mzima."

Tulipoingia tulimkuta mzee amekaa sakafuni, mgongo kwenye nguzo. Nikamwamkia. Kimya. Kwetu mzee asipoitikia shikamoo ni jambo zito. Nikamtazama vizuri: vumbi lilikuwa linadondoka darini, sisi tumeshajaa, kanzu yake safi.

"Shemeji, tutoke," nikanong'ona.

Lakini Yohana alikuwa mtoto wa mwinjilisti, adabu alilishwa pamoja na uji. "Tutoke mzee hajaitikia? Watatuonaje?" Akainama. "Shikamoo, babu." Kimya. Akarudia kwa sauti kubwa, kama unavyomsemesha asiyesikia.

Mzee akainua uso. "Marahaba, mwanangu. Nimechoka. Sasa ni zamu yako."

Akainuka, akatoka mlangoni, nasi hatukumwona tena. Papo hapo dari ikalia, udongo ukamwagika. Yohana akaruka, akaegemeza mgongo kwenye nguzo. Dari ikanyamaza.

Amini usiamini, hakuweza kutoka tena. Tulimpakia kwenye mkokoteni kwa nguvu kumrudisha nyumbani, lakini hatujafika mbali mtu akatufuata mbio: dari inashuka! Yohana akateremka, akarudi mwenyewe. Nguzo ikaachwa. Dada akawa anamletea mtoto amwone baba yake mle ukumbini, miaka yote, mpaka siku alipofia pale pale.

Jeneza nililibeba mimi. Sasa niambie, yule niliyemkuta juzi nilipochungulia ukumbini, mgongo kwenye nguzo, ni nani? Alinitazama kwa upole. Nikaondoka bila kumsalimu mume wa dada yangu, na inaniuma sana. Dada bado yu hai, na kila nikitoka mjini ananiuliza habari za nyumba ile. Namjibu tu kwamba ingali imara.

Basi wewe ukiingia mle, ukamwamkia mtu akanyamaza, usirudie. Waache wakuite huna adabu. Yohana amechoka, na anamsubiri mwenye adabu.