Nilivyompelekea Rao Sukari Mfangano

Niliondoka Kisumu kwa sababu ya kazi. Bwana Harbans, aliyekuwa na ofisi ndogo ya kutembeza wageni karibu na soko, aliniambia wazi: "Kila kijana anakuja hapa anasema ataonyesha wageni yale mawe ya Kit Mikayi. Kit Mikayi hata mimi najua. Wewe lete mahali pengine pa zamani, umepaona na macho yako. Ukileta, kazi ni yako."

Shule niliachia darasa la saba, lakini ndoto nilikuwa nazo za kugawia mtaa wetu wote wa Kaloleni. Nilikuwa nimesikia kwamba kisiwani Mfangano kuna michoro ya watu wa kale mwambani. Mama akanifungia sukari na majani ya chai, maana kwetu huendi kwa watu mikono mitupu.

Meli ya asubuhi ilinishusha Homa Bay. Kutoka hapo nilipanda pikapu ya magunia hadi Mbita, na Mbita nikaingia boti ya injini pamoja na mbuzi waliotapika kuliko mimi. Ndege weupe walitufuata njia nzima.

Jioni, ufuoni Mfangano, nilipokewa na Mama Akoth, mwuza chai, aliyenipa mahali pa kulala bila kuniuliza maswali mengi. Nikamwuliza njia ya kwenda kwenye michoro.

"Fuata ufuo, kisha panda," akasema. "Shida yako itakuwa Rao tu."

"Rao ni mkali?"

"Sana. Usiku kucha yuko kwa mashamba ya watu. Mahindi yangu amemaliza."

"Na hamjamshtaki kwa chifu?"

"Chifu mwenyewe anamkimbia."

Nilishangaa mtu wa namna hiyo. "Ana familia?"

"Mabibi wanne, na sasa kuna mtoto mchanga. Ndiyo maana hasira. Asubuhi anashuka kuoga. Usimzibie njia."

Nililala nikimwonea huruma Mzee Rao. Mtu mwenye mabibi wanne na mtoto mchanga lazima awe na njaa. Nikaamua kwamba ile sukari ni yake, na akiipokea atanipitisha kwa amani. Bila kuiona michoro ile, kwa Bwana Harbans sikuwa na la kusema.

Alfajiri nilifika penye mafunjo. Nikasikia mtu anatafuna na kupumua kwa nguvu kama aliyebeba gunia. Nikavua kofia. "Mzee Rao," nikasema kwa adabu, "mimi ni mgeni kutoka Kisumu. Nimekuletea sukari."

Mafunjo yakafunguka. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa Kijaluo rao ni jina la mtu, na pia ni kiboko.

Alikuwa na mdomo mpana kama mlango wa kanisa, nami nilikuwa nimesimama kati yake na maji. Nilimwachia sukari na kofia, nikapanda mlima. Mwiba ulinirarua suruali sikuusikia. Niliposimama nilikuwa chini ya mwamba ulioinama kama paa, na mbele ya pua yangu kulikuwa na duara jekundu, ndani yake jeupe, ndani yake jekundu tena, kama jua lililochorwa na mtu aliyelipenda. Maduara kama hayo yalikuwa mengi. Nilikaa chini nikasahau kuhema.

Niliporudi, kwa njia ya mbali, Mama Akoth alisema michoro ni ya Watwa, watu wafupi waliokaa pale kabla ya babu wa babu zetu, na kwamba wazee walipanda huko kuombea mvua. Kisha nikamweleza habari za sukari. Aliweka birika chini ili acheke vizuri.

"Umempa sukari? Basi kesho atakuja kwangu kutaka na chai."

Kisumu nilimfikia Bwana Harbans nikiwa bado na suruali ile ile. Alisikiliza habari za Watwa na mvua, kisha akauliza, "Kutoka ufuoni mpaka kwa michoro ni mwendo gani?"

"Ukifukuzwa au usipofukuzwa?"

Ikabidi nimweleze yote. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kilemba, akasema nianze Jumatatu, na wageni nisiwapitishe kwa mafunjo.

Nilichojifunza ni hiki: ukienda ugenini, peleka zawadi, lakini uliza kwanza mwenyeji ana miguu mingapi.