Waya wa Gemu

Plastiki ya mashine ya gemu ya mwanangu imepata moto, na harufu yake imenirudisha sebuleni kwetu Ijuganyondo. Kaka yangu alikuwa sekondari, mimi darasa la sita, tukicheza gemu la mapigano. Baba aliona damu kwenye runinga, akachukua kisu cha kumenyea ndizi, akakata nyaya zote.

“Tata, hata hujaangalia!” kaka alimfokea baba.

“Niangalie ushetani?”

Nilimchukia siku ile. Laiti angeketi nasi, ningemwambia kwamba mshindi humng’oa kichwa aliyeanguka, na hapo mimi huogopa.

Siku iliyofuata tulihamia kibanda cha gemu, kata ya Bakoba. Kichwa kiling’olewa, watu wakashangilia, na hakuna mtu mzima aliyeniuliza nina miaka mingapi.