Kiti cha Tata

Wenzangu mliokulia Nkende, hebu niambieni kama pua zenu zimeisahau Desemba ya utoto wetu: vumbi lililonyeshewa, nyama inayochomwa kila boma, na gauni jipya ambalo bado linanukia duka. Tulicheza rede mpaka giza liumeze mpira. Simu za kutuchekesha hatukuwa nazo. Tulimsubiri tu jirani ateleze kwenye tope.

Zawadi za watoto hazikuwa na shida. Shida ilikuwa baba, ambaye sisi Wakurya tulimwita tata. Ukimpa kitu atashukuru kwa heshima zote, lakini kabla ya mwaka mpya kitu kimeshahama. Koti alilonunuliwa na mama tulikuja kuliona kwa baba mkubwa, kaka yake aliyeishi Gorong'a. Tai aliyoletewa na shangazi alimfungia ndama. Ndama alipendeza, sitasema uongo.

Mwaka mmoja mimi na dada yangu Rhobi tulibishana sana: tumpe kofia, mkanda au soksi? Mama alikuwa anafua, akatusikia.

"Mnajiumiza vichwa bure," alisema, akainua shati la tata la Jumapili. Mgongoni lilikuwa jeupe kwa chokaa. "Hili nalisugua hivi kila wiki. Mnadhani chokaa inatoka wapi?"

Hatukujua, basi tukaanza kumtazama tata. Nyumbani kwetu wageni hawakukatika, na viti vya kuegemea vilikuwa viwili tu. Kila akiingia mtu, tata anampisha, anakaa kwenye kigoda, anaegemea ukuta uliopakwa chokaa na kuguna, "Mgongo huu!" Maneno hayo tulikuwa tumeyasikia miaka yote kama mtu anavyosikia jogoo.

Tukaenda kwa fundi seremala kule Turwa. Alikubali kututengenezea kiti kwa mabaki ya mbao zake, nasi tumpukuchulie mahindi likizo nzima. Vidole viliota malengelenge, lakini siku ya Krismasi, tulipotoka kanisani, kiti kilikuwa uani: kirefu mgongoni, chenye mikono mipana ya kuwekea kikombe cha chai.

Tata alikaa. Akaegemea, akafumba macho. Mama alimtazama akaacha kusonga ugali.

Hapo ndipo baba mkubwa alipofika. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye kiti.

"Marwa, kiti hiki kinanifaa kabisa," alimwambia tata.

Tata akanyanyuka, akampisha. Baba mkubwa alikula humo, akanywa humo, akasinzia humo. Rhobi akaenda nyuma ya jiko kulia, mimi nikamfuata. Tulijua koti lilivyokwenda.

Jua lilipopungua tulirudi uani. Baba mkubwa aliaga, akainamia kiti akibebe. Tata akaweka mkono juu ya egemeo.

"Kaka, koti ulichukua, sikusema. Hiki kinabaki. Binti zangu wametoka malengelenge kwa ajili yangu."

Hakuna aliyewahi kumsikia tata akimkatalia kaka yake. Baba mkubwa alitutazama, akaiona mikono yetu, kisha akacheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi.

"Mdogo wangu, kumbe unajua kukataa! Na lile koti linanibana kwapani. Nilikuwa navaa kukuheshimu tu."

Wakacheka wote wawili, wameshikana mabega. Kuanzia siku hiyo mama alifua mashati ya tata bila kuyasugua chokaa.

Siku hizi binti yangu anaishi Mwanza, na Desemba iliyopita aliandika kwenye kundi la familia: "Jamani, nimnunulie nini mume wangu? Nachanganyikiwa!" Vijana wakammiminia picha za manukato, viatu, saa kubwa kama sahani. Nilimpigia nikamwambia aweke simu kabatini, akae naye Jumapili nzima, amtazame.

Jioni ya Jumapili hiyo alinipigia. "Mama, nimemtazama."

"Umegundua anahitaji nini?"

"Bado. Ila aliniuliza kama naumwa, maana eti hajaniona bila simu tangu tuoane. Tumepiga stori mpaka chakula kikaungua."

Nilicheka. Sisi utotoni tulikuwa na viti viwili tu, lakini tulikaa tunatazamana.