Mahali pa Kuvundikia

Siku gari la majitaka lilipoingia uani kwa Mwanabibi, kule Nkuhungu, Dodoma, wapangaji wote walitoka nje wameziba pua, isipokuwa Notburga. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa chumba cha binti yake, amempakata mjukuu, pua yake iko wazi kabisa, na alijua kuliko mtu yeyote pale kwamba shimo la choo halikuwa na kosa lolote.

Harufu ile ilikuwa ya kwake. Ilitoka kwenye ndoo yenye mfuniko nyuma ya bafu, na ndani ya ndoo mlikuwa na muhogo.

Kwa mtu aliyekulia Lituhi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, hapo hakuna la kueleza. Muhogo unamenywa, unalowekwa siku tatu, nne, mpaka unalegea wenyewe. Unatolewa, unaanikwa, unatwangwa, na unga wake ndio unaosongewa ugali. Huko ndiko kuvundika. Unga wa muhogo usiovundikwa, watu wa kwao Notburga hugundishia karatasi. Harufu ipo, nani anakataa? Lakini ni harufu ya nyumba yenye chakula. Mtoto akiisikia akitoka shule anaongeza mwendo.

Tatizo ni kwamba Nkuhungu si Lituhi.

Alikuwa na wiki ya sita pale. Binti yake Jacqueline, kitinda mimba wake, karani wa masijala, alihamishwa kutoka Mbinga na kupelekwa Dodoma akiwa na mimba ya miezi minane. Mumewe ni mwalimu, uhamisho wake ulikuwa haujatoka. Mtoto alizaliwa, likizo ya uzazi ikaanza kuyeyuka, na Jacqueline akapiga simu: "Mama, likizo ikiisha narudi kazini. Sina mtu mwingine wa kumwachia." Notburga hakuuliza maswali. Alifunga nyumba yake ya Maguu, kule milimani alikoolewa, akamkabidhi mwanawe Ignatio kahawa, akapanda basi na begi moja, rozari, na kopo la usipa, wale dagaa wa Nyasa, aliopelekewa na ndugu zake wa ziwani.

Kwa mapenzi hakukosa kitu. Jacqueline alimpikia wali, akamnunulia chapati, akamletea samaki wa friza aliyekuwa mgumu kama kipande cha sabuni. Notburga alisema asante kila mara, akala matonge mawili, akanawa. Ugali wa sembe ulimpita kooni bila kumsalimia. Usipa wake hakuugusa. Aliona ni kuukosea heshima kuula na sembe.

Siku moja alikwenda mwenyewe sokoni Sabasaba.

"Mwanangu, usipa mnao?" alimuuliza mama mmoja muuza dagaa.

"Usipa? Huo ni ugonjwa au dawa yake, bibi?"

"Ni samaki."

"Samaki si hawa hapa! Dagaa safi, hawana mchanga."

Notburga akachukua dagaa mmoja, akamnusa, akamrudisha taratibu kama mtu anayemrudisha mtoto wa watu kwao. Akauliza unga wa muhogo. Ulikuwepo, mweupe kama chaki, haunuki hata kidogo. Basi akanunua muhogo mbichi, ule ambao watu wa Dodoma huukaanga, akarudi nao nyumbani amejitwisha.

Jioni hiyo alimkuta mwenye nyumba, Mwanabibi, akiwalisha kuku. Kwa sababu yeye si mtu wa kufanya mambo kwa kujificha, alimwambia:

"Mama mwenye nyumba, naomba nivundike kidogo pale nyuma ya bafu."

"Vundika tu, mama Jaki," Mwanabibi alisema bila kugeuka. "Zikiiva unionjeshe."

Neno hilo "zikiiva" lilimpita Notburga. Angelishika, mengi yasingetokea.

Wakati huo mwili wake ulikuwa umepungua kiasi kwamba kanga aliyozoea kujifunga mzunguko mmoja na nusu sasa ilifika miwili. "Mama, unaisha," Jacqueline alimwambia, na macho yake yalikuwa na maji. Notburga alicheka. Lakini usiku alipanga nguo zake begini, akafunga zipu, akalisukuma chini ya kitanda. Alijipa sharti moja: atakula ugali wake mara moja tu. Mwili ukikubali, atakaa amlee mtoto. Ukikataa, atarudi Maguu kabla hajawa mgonjwa wa kuuguzwa, na Jacqueline atatafuta mtu wa kumlipa. Kumwachia mtu wa kulipwa kichanga cha miezi mitatu! Kila alipolifikiria hilo alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika.

Sasa ilikuwa Ijumaa, siku ya tatu ya muhogo, na gari lilikuwa limekuja.

Meshack, mkubwa wa gari, alifunua shimo, akatumbukiza mti mrefu, akautoa, akautazama.

"Mama, shimo lako hili bado linasoma chekechea," alisema. "Halijafika hata robo."

"Na harufu?" Mwanabibi aliuliza kupitia ushungi alioubana puani.

"Hiyo ni ya kitu kilichokufa. Na kwa uzoefu wangu si panya. Panya hana uwezo wa kufika hapa."

Wapangaji wakacheka, ila Mwanabibi hakucheka. Aligeuka akamtazama Tumpe, mpangaji wa chumba cha mwisho, msusi, aliyefuga bata wanne kwenye banda dogo karibu na bafu.

"Ni bata wako. Nilikwambia tangu mwanzo bata ni wachafu. Kuna aliyekufa humo na wewe hujui."

"Mama, wote wanne wazima! Waite hata kwa majina, wanaitika!"

"Sitaki majina. Leo leo watoke."

Notburga aliwatazama wale bata. Hakuwa tena Nkuhungu. Alikuwa Maguu, msichana wa miaka kumi na tisa, mke mpya wa Bernadi.

Alipanda mlima ule kutoka ziwani kwa miguu, siku mbili, na kule juu alikuta ukungu, kahawa, na watu wakarimu waliokula ugali wa mahindi na maharage asubuhi mpaka jioni. Hakukuwa na baya. Maharage ya Umatengo, huko milimani, yana siagi yake, hata leo angeapa hivyo. Lakini alikonda, hivi hivi kama Dodoma. Mama yake akamtumia muhogo kwa watu waliopanda kubadilisha dagaa kwa maharage, naye akauloweka kwenye chungu nyuma ya jiko. Hakumwambia mtu. Siku ya tatu, baba mkwe akasema nyumba inanuka mzoga, na mbwa wa nyumba ile, mbwa mzee asiye na neno na mtu, ndiye aliyeshukiwa kuuleta. Alifukuzwa kwa mawe. Notburga aliona jiwe likimpata mguuni. Aliona, akanyamaza.

Asubuhi yake mama mkwe alimwita, akamshika mkono, akamteremsha bondeni, chini ya mibuni ya mwisho, penye kijito. Palikuwa na kishimo kipya kilichochimbwa vizuri na kuzungushiwa mawe. Udongo wake bado ulikuwa mbichi.

"Vundikia hapa," mama mkwe alisema. "Harufu ni yako, lakini mtu ni wetu. Ila siku nyingine, mwanangu, usiache mbwa apigwe kwa ajili ya tumbo lako."

Mama mkwe hakumtaja kwa mtu, si kwa baba mkwe wala kwa Bernadi. Kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka alipozikwa, yule mama alikuwa akimuuliza mkwewe kila wiki: "Kishimo chako kina maji?" Jina lake lilikuwa Hilda. Ndilo aliloitwa kichanga huyu aliyelala sasa mapajani.

Notburga akasimama.

"Mama, kaa chini," Jacqueline alinong'ona kutoka ndani. "Nitasema ni maziwa ya mtoto yameharibika."

"Maziwa yako hayo yanayonuka hivi? Jitunzie heshima. Mshike mwanao."

Akatembea mpaka katikati ya uwanja, mgongo umenyooka, mbele ya wapangaji, bata na gari la majitaka.

"Mama mwenye nyumba, waache bata wa watu. Hakuna aliyekufa. Ni muhogo wangu."



"Muhogo?" alisema Mwanabibi. "Muhogo huu tunaonywea chai?"

"Huohuo."

"Sasa umeufanya nini, mama Jaki? Umeuua?"

"Nimeuvundika. Nilikuomba, ukanipa ruhusa."

Mwanabibi akaondoa ushungi puani kwa mshangao. "Uliniambia unavundika! Mimi nikajua ndizi! Watu wote wanavundika ndizi! Siku tatu nakaa pale barazani nangoja kuletewa ndizi mbivu, kumbe naletewa maangamizi!"

Meshack aliegemea gari lake akicheka mpaka akashika magoti. Tumpe naye alicheka, kwa nguvu ya mtu aliyeponea chupuchupu. Notburga hakucheka. Alikuwa amefika mahali ambapo lazima aseme lililobaki, na aliona heri aliseme akiwa amesimama.

"Tangu nije kwako sijashiba hata siku moja. Si kwamba nanyimwa, mwanangu ananilisha vizuri. Lakini mwili wangu haujui kwamba umekula. Nilitaka ugali wa kwetu mara moja tu, nione kama nitaweza kukaa nimlee huyu mtoto. Kama ndoo hiyo ni kosa, naimwaga sasa hivi, na kesho napanda basi. Ila binti yangu asiguswe, na bata pia."

Jacqueline alitokeza mlangoni na mtoto begani. Hakuwa amejua habari ya basi. "Mama!" alisema.

Mwanabibi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaitazama ile ndoo nyingine kule nyuma ya bafu.

"Nilipomfuata marehemu mume wangu hapa Dodoma," alisema, "niliagiza papa mkavu kutoka kwetu Pangani. Unajua papa mkavu alivyo? Huyo muhogo wako kwake ni marashi. Nikamtundika nje. Mwenye nyumba wetu akamleta mjumbe wa nyumba kumi, na mjumbe akaja na watu! Mbele yao wote nikamchukua papa wangu, nikaenda kumtupa jalalani. Nililia kama nimefiwa. Na kweli sikumwagiza tena."

Akainuka, akajipangusa.

"Haya. Hapo nyuma ya bafu hapafai, upepo wote unakuja vyumbani. Njoo."

Akampeleka nyuma ya banda la kuku, kwenye kona ya ukuta wa mwisho, ambako upepo wa Dodoma, ambao haupumziki, ulikuwa unatoka nje kuelekea kiwanja kitupu. Akasogeza matofali mawili kwa mguu. Akaegemeza bati kuukuu likawa kivuli.

"Vundikia hapa. Harufu ya kuku itapambana na ya kwako, na atakayeshinda ashinde. Kuanika, bati la banda hili hapa."

Notburga aliyatazama yale matofali.  Alisema tu, "Ahsante, dada," na kwa mara ya kwanza hakumwita mama mwenye nyumba.

Jua la Dodoma, acha lilaumiwe kwa mengine, kwa kuanika muhogo halina mfano. Lituhi wangengoja siku nne. Hapa, kufika Jumapili baada ya misa makopa, vile vipande vikavu vya muhogo, yalikuwa yanavunjika kwa kidole. Tumpe alileta kinu chake mwenyewe, akatwanga mwenyewe, akasema anatwanga kwa niaba ya bata. Notburga akachekecha. Akafungua kopo la usipa, akaupika kwa nyanya na kitunguu, na akasonga ugali unaong'aa, unaovutika, usiotaka mchezo.

Walikula uani, mkekani. Mwanabibi alichukua tonge, akalitazama pande zote kama hati ya kiwanja, akalitia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Mbona linanifuata?" alisema.

"Hautafunwi, dada, unamezwa."

Akameza, akanywa maji glasi nzima. "Nimekula, Mungu ameona. Sirudii. Lakini hao samaki niongezeni."

 Notburga alikuwa anakula. Alikula mpaka jasho likamtoka puani, mpaka Jacqueline akaacha kula akawa anamtazama tu. Akalamba vidole, vyote, bila haya, akashusha pumzi ndefu. Mwili ulikuwa umejua.

Jioni katika rozari aliwashukuru wanawake wawili, mmoja marehemu wa Maguu na mmoja Mwislamu wa Pangani, ambao hawakuwahi kuonana na wote wawili walimchagulia mahali. Akamtaja na yule mbwa. Hakuwahi kumtaja kabla ya siku hiyo.

Jumatatu alfajiri, likizo imekwisha, Jacqueline alikuwa tayari, viatu vya ofisini miguuni, mtoto ameshanyonya. Alisita mlangoni.

"Mama, begi lako bado limefungwa pale chini ya kitanda."

"Lilete."

Notburga akafungua zipu. Akatoa gauni, akalitundika kwenye msumari. Akatoa kanga, sweta la baridi ya Maguu, viatu vya misa, kila kimoja mahali pake. Begi lilipobaki tupu akalikung'uta, akayamimina ndani makopa yaliyosalia, akafunga zipu.

"Liweke juu ya kabati," alisema, "panya wasilifikie. Na wewe nenda, utachelewa."

Jacqueline akaliweka, akambusu mtoto, akambusu na mama yake, akaondoka haraka. Notburga alikuwa anamfunga Hilda mgongoni aliposikia sauti kutoka barazani.

"Mama Jaki! Unavundika tena lini? Niambie mapema nipate kwenda zangu Pangani!"

"Jumatano!" Notburga akajibu kwa sauti. "Ukirudi niletee papa!"