Nyota Iliyogoma Kuonekana Mwanza

Wenzangu mliokulia Mabatini wakati ule mitumba ilipoanza kumwagika sokoni, mtakumbuka hazikuja nguo tu. Vilikuja na vitabu. Baba, fundi mashine kiwandani Nyakato, alituletea kimoja cha nyota, kimeandikwa huko Ulaya, jalada limeng'oka. Mimi ni Kulwa. Pacha wangu, Doto, alikisoma na kamusi mkononi mpaka kikalegea.

Kilisema Nyota ya Kaskazini haizami kamwe, na kuipata ni rahisi: tafuta nyota saba zilizopangana kama upawa, fuata mbili za pembeni, utaifikia. Basi jioni umeme ukikatika, na ulikatika hasa, tulipanda jiwe kubwa nyuma ya nyumba, vidole bado vinanuka dagaa. Upawa tuliuona. Zile mbili zikatuelekeza chini, chini zaidi, mpaka ziwani. Nyota hakuna. Mama akatuita tushuke kabla hatujavunjika miguu kwa ajili ya mambo ya Wazungu.

Tulipofika darasa la saba, Mwalimu Rwegasira, mtu wa Bukoba, suruali imenyooka kwa pasi, alitufundisha kwamba anayepotea usiku popote pale aitafute nyota hiyohiyo. Doto akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa kwetu haipo."

Enzi zetu mwalimu hakubishiwa. Angesema Misungwi ni kisiwa, ungeandika kisiwa. Alimpa Doto mpaka Jumatatu aombe radhi mbele ya wenzake, la sivyo avuliwe ukiranja. Doto alilia njia nzima, lakini akaapa hataomba radhi kwa kutoona kitu ambacho hakipo.

Baba hakumtetea wala kumgombeza. Alimwendea mwalimu, akamkaribisha chakula Jumamosi. Tulimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, akaitikia bila kututazama. Giza lilipoingia, wakapanda jiweni, sisi nyuma yao. Mwalimu akaupata upawa, akafuata zile mbili kwa kidole. Kidole kikashuka mpaka kikagusa ziwa. Akarudia mara tatu. Nyuma yetu, upande wa kusini, nyota za msalaba zilikuwa zinawaka vizuri tu. Niliogopa, maana sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akishindwa.

"Miaka yote nimeifundisha," alisema taratibu, "na sijawahi kuitafuta."

Jumatatu alikuja na chungwa. Akatuonyesha kwamba dunia ni mviringo. Kadiri unavyokwenda kaskazini nyota ile inapanda, na sisi tulio kusini kidogo ya ikweta, mgongo wa dunia unatufichia. Kisha akaliweka chungwa mezani.

"Doto amesema kweli. Mimi ndiye niliyekosea."

Doto alibaki kiranja, na kwa mwezi mzima hakuvumilika. Hata Mama alisahihishwa namna ya kusonga ugali.

Siku hizi taa za mji zimelipunguza anga letu. Mwanangu, yuko kidato cha pili, hulala kwenye kochi na simu, anazijua nyota zote kwa majina na shingo yake haijawahi kuuma. Nilimwuliza kama amewahi kubishana na mwalimu wake. Akashangaa: ya nini, mama, na kila kitu kiko kwenye simu?

Nilimwonea huruma kidogo. Hajawahi kusimama karibu na mwalimu wake, wote wawili wakitafuta kitu wasichokijua.